Feza ya mashine ibaki ya mashine

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya wanamemba wa Kasongo na Kabambare



Leo tuna neno moja. Kikundi kinachotaka kuanza kazi ya mashine ya kukoboa mpunga, kianze namna gani ili mwaka ujao mashine iwe ingali inazunguka?

Kulima tunajua. Waliorudi, wengine kutoka porini, wengine kutoka kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, wameshika jembe tena. Lakini anayeuza mpunga na maganda yake anauza kwa bei ya chini, na faida inabaki kwa mwenye mashine. Ndiyo maana vikundi vinatuomba mashine. Sisi tunauliza kwanza: daftari iko wapi?

Ya kwanza ni masanduku. Wenye MUSO mnayajua: la kijani ni la mikopo, jekundu ni la msiba na ugonjwa, la buluu linapokea feza ya nje. Akili hiyo tunayo tayari. Basi mashine nayo ipate sanduku lake, la nne. Mtu akifiwa, tunafungua jekundu. La mashine hatuligusi, hata kama ni rais wa kikundi anayeomba.

Ya pili ni hesabu ya siku. Tuseme, kwa mfano tu, mashine imeingiza franka 40 000. Mazutu 15 000, mwenye kuiendesha 8 000, inabaki 17 000. Hapo wengi wanasema: tugawane! Hapana. Mkanda na chujio vinaisha kila siku hata kama hatuoni. Toa 7 000 ya piyesi kwanza. Ile 10 000 njo faida, nayo ingoje mwisho wa mwezi.

Ya tatu ni mzani. Kilo 100 za mpunga mkavu, kwa mashine ndogo, hutoa kilo 60 hivi mpaka 65 za mchele. Andikeni kilo zinazoingia na zinazotoka. Zikishuka mpaka 50, ama mpunga ulikuwa mbichi, ama mashine imechoka, ama kuna mkono wa mtu. Na anayeshika feza asiwe yeye anayeandika. Kila posho daftari isomwe kwa sauti, ili hata mama asiyejua kusoma asikie na aulize.

Hili ni zito kwetu kuliko kwengine. Katika komite moja wamekaa waliobaki na waliorudi. Feza ikipotea bila maandishi, hakuna atakayesema “mtunza feza amekosea”. Watasema “wale”. Na kikundi kitapasuka palepale vita ilipotupasua.

Ya nne ni karatasi. Nchi yetu iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Sheria yake ya koperative, ya Desemba 2010, inaruhusu watu 5 tu kuanzisha koperative ya namna rahisi: muwe na statuti, sehemu ya kila mtu iandikwe, kisha muandikishwe kwenye rejista. Bila karatasi, siku rais anahama ao anafariki, mashine ni ya nani? Mara nyingi wajane ndio wanaobaki mikono mitupu.

Kwenu rafiki mnaotusaidia: msinunue mashine peke yake. Nunueni pia mzani, piyesi za mwaka wa kwanza, na siku za mafunzo ya hesabu. Bila hivyo mtakuwa mmenunua chuma.

Na ninyi wanamemba, msingoje mashine ifike. Anzeni kesho na daftari ya kile mnachouza sasa: mafuta ya mawese, sabuni, mihogo. Mwezi mmoja, kila siku, hata siku ya sufuri. Mtuletee, tutaisoma pamoja.