Damu Iliyokatazwa na Damu Iliyotolewa



Swali hili twaulizwa mara nyingi vijijini. Mungu alimkataza Noe kula nyama pamoja na damu yake, naye akalirudia katazo hilo katika kitabu cha Walawi, sura ya 17. Mitume nao, walipokutana Yerusalemu, waliwaagiza waongofu wajiepushe na damu. Mbona basi Bwana wetu, katika Injili ya Yohane, sura ya 6, afundisha kwamba asiyeinywa damu yake hana uzima? Je, Mungu ajipinga mwenyewe?

Tusome vema Walawi. Sababu imeandikwa pale pale: uhai umo katika damu, na uhai ni mali ya Mungu. Mtu asiutwae uhai wa mnyama, aliye chini yake, ili kujipatia nguvu. Lakini Yezu atupa uhai wake mwenyewe, ulio wa Mungu. Sababu iliyokataza damu ya mbuzi ndiyo inayotualika kwenye kalisi.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Mwaka 1855 Livingstone aliona udugu wa damu ukifanywa kati ya Mlunda mmoja na Mmakololo, msafiri mwenziwe. Walichanjwa, damu ya kila mmoja ikatiwa katika pombe ya mwenzake, wakanywa. Tangu hapo ilimpasa kila mmoja kumwonya ndugu yake akiona hatari yamkaribia. Huko Sinai pia, Musa alinyunyiza nusu ya damu altareni, na nusu juu ya watu. Ila tazameni tofauti. Wale wawili walitokwa damu wote. Sinai walichinjwa mafahali. Kalvario alitokwa damu Mmoja, naye hakuwa na deni lo lote. Hivyo Waraka kwa Waebrania wakana kwamba damu ya mafahali yaweza kuondoa dhambi, ijapokuwa Walawi yaitaja kwa upatanisho: ile ilikuwa mfano tu.

Ama agizo la Mitume, lilikuwa kwa ajili ya amani ya mezani, Wayahudi na watu wa mataifa wapate kula pamoja. Mtaguso wa Florence, mwaka 1442, ulieleza kwamba sababu hiyo ilipokwisha, agizo nalo lilikoma. Twalikazia neno hili, kwa maana Mashahidi wa Yehova hulitumia kukataa kutiwa damu hospitalini. Mtoto akiishiwa damu kwa malaria, au mama akitokwa damu nyingi katika kujifungua, baba Mkristu asisite. Kanisa halikatazi. Atiwaye damu hamli mtu, wala hafanyi agano na mizimu!

Wengine watauliza: mara nyingi twapokea Hostia peke yake, je, damu hatuinywi? Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulifundisha kwamba Kristu mzima yumo katika kila umbo. Apokeaye Hostia amepokea na Damu.