Nakala Moja Iliyosalia: Tuzitunze Seva Zetu Kabla ya Siku ya Hasara

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao na wafanyabiashara, wasimamizi wa Sacco na walimu wakuu. Yamefupishwa kidogo ili yatoshe katika jarida hili.

 

Nimealikwa kuzungumza kuhusu seva. Najua baadhi yenu mnajiuliza kwa nini ameletwa mtu wa habari badala ya fundi. Mafundi wetu wa idara ya teknolojia ya habari na mawasiliano wako hapa, wameketi safu ya nyuma, na baada yangu watajibu maswali yenu. Mimi nilisomea uandishi wa habari. Lakini iko asubuhi moja niliyopoteza kazi ya miaka mitatu kwa sababu ya seva, na tangu hapo nimekuwa nikiuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza mapema. Leo nimekuja kuwauliza ninyi.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni: "Mwanangu, hiyo seva ni kitu gani, na mimi nina duka tu?" Seva, mama, ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Pale dukani kwako una mashine tatu za kutoa risiti, na zote zinauliza bei na hesabu ya bidhaa kutoka kwa kompyuta moja iliyo ofisini nyuma. Hiyo moja ndiyo seva. Katika Sacco ndiyo inayojua nani ana hisa ngapi na nani bado anadaiwa mkopo. Shuleni ndiyo yenye alama na karo. Hapa kwenye kaunti, seva ndizo zinazotunza kumbukumbu zenu za ada za ardhi, leseni za biashara na huduma nyingine mnazozijia. Kompyuta ya karani ikiharibika, karani mmoja anakaa bila kazi. Seva ikiharibika, nyumba nzima inasimama.

Mnakumbuka Julai 2023, mfumo wa eCitizen ulipozidiwa. Wavamizi waliufurika kwa maombi mengi ya uongo hadi watu wa kweli wakakosa nafasi. Wakenya walishindwa kupata huduma za serikali, wengine wakahangaika kununua tokeni za stima kwa simu, na wageni waliokosa viza za mtandaoni ikabidi wapewe wakifika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Mlango ulizibwa, lakini nyumba haikuibwa. Kuziba mlango kunakera, kisha watu wanaondoka na maisha yanaendelea. Ninalotaka tuzungumzie leo ni lile baya zaidi: mtu anapoingia ndani na kuchoma kila kitu.

Asubuhi yangu ya Jumatatu

Kabla ya kuja kaunti nilifanya kazi katika chumba kidogo cha habari. Sitakitaja, kwa sababu makosa yale yangeweza kuwa ya ofisi yoyote. Seva yetu ilikaa chini ya ngazi, karibu na ndoo na mifagio. Nenosiri lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na sote tulilitumia. Nakala za akiba tulikuwa nazo, tena kila usiku. Diski ya nje ilichomekwa kwenye seva ile ile, na haikuchomolewa kamwe, maana nani angekumbuka kuichomeka tena jioni?

Jumatatu moja tulifika tukakuta kila faili imegeuzwa jina na haifunguki, na ujumbe kwenye skrini unaodai pesa. Fundi akasema msiwe na wasiwasi, tuna diski. Akaifungua. Nayo ilikuwa imefungwa vivyo hivyo, kwa kuwa kwa yule mvamizi diski ile ilikuwa sehemu tu ya seva. Picha zangu zilikwenda. Kilichoniuma zaidi ni mahojiano niliyorekodi na wazee wa mashinani kuhusu mipaka ya mashamba yao na jinsi walivyoyapata. Wawili kati yao walikuwa wameshafariki. Hakuna pesa ingenirudishia sauti zile.

Niliwaza sana baadaye. Tulikuwa na nakala, lakini zote mbili zilikaa katika nyumba moja, na nyumba ndiyo iliyoungua.

Kampuni kubwa, kosa lile lile

Msidhani hili ni tatizo la maskini. Tarehe 27 Juni 2017, kampuni ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake mnayaona yakipita barabarani kutoka Mombasa, ilipigwa na programu haribifu iliyopewa jina NotPetya. Ilianzia Ukraine. Wavamizi walikuwa wameingia katika kampuni iliyotengeneza programu ya hesabu na kodi inayoitwa M.E.Doc, wakaficha sumu yao ndani ya sasisho la kawaida. Ofisi ya Maersk mjini Odessa ilikuwa imewekewa programu hiyo katika kompyuta moja. Moja tu ilitosha.

Kutoka hapo ilisambaa kwa njia mbili. Ilitumia tundu katika Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshalitolea kiraka mwezi Machi mwaka huo. Pia ilichota manenosiri yaliyobaki katika kumbukumbu ya mashine moja na kuyatumia kufungua nyingine, hata zile zilizokwisha kuwekewa kiraka. Ilijifanya inadai fidia, lakini kazi yake ilikuwa kuharibu tu. Mwaka 2018 Marekani na Uingereza zililitaja jeshi la Urusi kuwa ndilo lililohusika.

Bandarini, malango yalikwama na malori yakapanga foleni. Lakini lililowatisha zaidi mafundi wa Maersk lilikuwa jingine. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji: nani ni nani, na nani anaruhusiwa wapi. Bila orodha hiyo huwezi kuujenga upya mtandao. Seva hizo zilinakiliana, kila moja ikiwa akiba ya nyenzake. Ulikuwa mpango mzuri ikiwa moja itakufa. Hakuna aliyewaza kwamba zote zingekufa siku moja, kwa sababu zote zilikuwa zimeunganishwa.

Walitafuta dunia nzima, wakaipata moja iliyo hai. Ilikuwa Ghana. Kabla ya shambulio, stima ilikuwa imepotea katika ofisi ile, seva ikazima na kutoka mtandaoni. Sisi tunaijua hali hiyo. Siku ile iliokoa kampuni. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kutuma data hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya huko. Basi mmoja wao akasafiri hadi Nigeria, akaikabidhi diski kwa mwenzake uwanja wa ndege, naye akapanda ndege hadi London akiwa nayo.

Kwa siku kumi walifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Maersk ilikuwa na pesa na wataalamu wa kufanya hivyo. Je, Sacco ya wadi yetu ingeweza?

Ndugu zangu, kampuni ile iliokolewa na kupotea kwa stima. Sisi tusingoje bahati. Tupange wenyewe kuwa na nakala iliyo mbali na mtandao.

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, seva iwe na mwenyewe. Awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye msimamizi, na wa pili anayejua kazi hiyo mwenzake akiugua. Chumba kifungwe kwa ufunguo, kiwe kikavu na chenye hewa, na seva iwe na betri ya kuishikilia stima inapokatika ili izimwe taratibu.

Pili, sasisha programu. Tundu lile nililolitaja lilitolewa kiraka tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei shambulio la WannaCry likalitumia, na hospitali za umma Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Wiki sita baadaye likaja la Maersk kupitia tundu lile lile. Kiraka kilikuwepo na watu hawakukiweka. Tengeni siku moja kila mwezi ya kazi hiyo. Na muangalie umri wa mfumo: Windows Server 2012, kwa mfano, iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2023, na kuna ofisi ambazo bado zinaitegemea.

Tatu, kila mtu na akaunti yake. Tukigawana nenosiri moja, jambo likiharibika hatujui ni nani. Akaunti ya msimamizi isitumiwe kusoma barua pepe wala kuzurura mtandaoni. Mfanyakazi akiacha kazi Ijumaa, akaunti yake ifungwe Ijumaa hiyo hiyo. Na panapowezekana, washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi wa nenosiri akwame bila simu yako.

Nne, funga milango. Wengi wetu tunamwacha fundi aingie kwenye seva akiwa nyumbani kwake. Si vibaya, lakini njia hiyo isiachwe wazi kwa intaneti nzima, maana kuna programu zinazopita usiku na mchana zikijaribu kila mlango. Aingie kwa njia ya faragha iliyofungwa. Vilevile, waifai ya wateja au ya wanafunzi isiwe mtandao mmoja na seva ya hesabu. Odessa ilikuwa kompyuta moja, lakini kuta za ndani hazikutosha kuuzuia moto.

Tano, ambalo ndilo kubwa, nakala. Kanuni ya mafundi ni tatu, mbili, moja: kuwe na nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mahali pengine kabisa. Mimi naongeza kwamba angalau moja iwe imechomolewa. Duka dogo linaweza kununua diski mbili za nje na kuzipokezanya: wiki hii moja iko kazini, nyingine imefungiwa kabatini mahali pengine, na wiki ijayo zibadilishane. Gharama yake si kitu ukilinganisha na vitabu vya wanachama elfu moja.

Na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa msiitegemee. Kila baada ya miezi mitatu, chukueni diski ya kabatini, jaribuni kurudisha faili chache katika kompyuta nyingine, muone kama zinafunguka. Mkikuta hazifunguki siku ya mazoezi, ni hasara ndogo. Mkija kugundua siku ya msiba, mmekwisha.

Likitokea

Likitokea, chomoa waya wa mtandao kwenye mashine iliyoathirika, usifute chochote, mwite fundi. Usikimbilie kulipa, kumlipa mhalifu hakukuhakikishii kwamba faili zitafunguka. Na msifiche. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue zimeingiliwa na kwamba wahusika wanaweza kudhurika. Kitengo cha kitaifa cha kukabiliana na matukio ya mtandaoni, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, nacho hupokea ripoti. Naelewa aibu. Sisi pia tuliona aibu, tukakaa kimya, na waliotupatia taarifa zao hawakuambiwa kwa wakati.

Nimalizie na swali ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kuuliza, hata asiyewahi kuona seva. Ukienda kwenye mkutano mkuu wa Sacco, kwenye kikao cha wazazi, au ukija ofisi zetu za kaunti, uliza: "Nakala ya kumbukumbu zangu iko wapi, na mara ya mwisho mliijaribu lini?" Huhitaji shahada kuuliza hivyo. Akijibiwa kwamba ipo kwenye seva ile ile, mwambieni habari ya Ghana. Na mtuulize sisi wa kaunti kwanza, maana data ni zenu na sisi tunazitunza kwa niaba yenu.

Sauti za wale wazee wawili sitazisikia tena. Lakini rekodi zangu za leo zina nakala tatu, na moja iko kwa mama yangu nyumbani, ndani ya bati la biskuti, haijaunganishwa na kitu chochote.

Sasa nawaachia mafundi.