Mzee Anapokuwa Mkali



Leo twataka kusema nanyi habari za wazee wetu ambao fahamu zao zimepungua, kisha wakawa wakali. Mama aliyekuwa mpole hutukana wakwe zake. Baba humpiga kwa fimbo mjukuu amleteaye uji, akimwita mwizi. Nyumba hiyo huingia taabu: watoto huogopa, mlezi hapati usingizi, na majirani hawaji tena barazani.

Kwetu iko hatari kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1990 wanawake wazee wengi wameuawa katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora kwa kudhaniwa wachawi. Macho mekundu kwa moshi wa jikoni yalihesabiwa kuwa ushahidi. Sembuse matusi na makelele ya usiku?

Lakini hayo ni maradhi ya ubongo. Mwaka 1906 tabibu Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mwanamke aliyemwonea mumewe wivu bila sababu, akaficha vitu, akapiga kelele kwamba watu wataka kumwua. Alipokufa, ubongo wake ulionekana umesinyaa. Na katika nchi yetu, wilayani Hai, wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa mwaka 2009 na 2010, kadiri ya 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya namna hii.

Mzee huyo ni kama mpagazi wa zamani katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, aliyepotewa na msafara wake usiku: kila amshikaye mkono humdhania mnyang'anyi. Hapigani kwa uovu, bali kwa hofu.

Dawa ya kuyaponya haijapatikana, lakini ukali waweza kupunguzwa. Kwanza, tusibishane naye. Tumjie kwa mbele, tuseme polepole, tumwite kwa jina la heshima alilolizoea. Pili, ukali ukizuka ghafula, tutafute maumivu: jino, kiu, choo kigumu, au mkojo unaochoma, tena tumpeleke kwa mganga wa hospitali. Tatu, tuondoe panga na shoka karibu naye, wala tusimfunge kamba. Nne, jamaa washike zamu, maana kazi hii yamshinda binti mmoja.

Nanyi wakubwa wa vijiji, msikiapo mzee akitajwa kuwa mchawi, msinyamaze. Waiteni jamaa zake siku ile ile, waelezeni maradhi haya, na habari ipelekeni polisi. Neno hilo likiachwa lilale usiku mmoja, huenda asubuhi tukachimba kaburi.