Saa Tisa za Tumbo Tupu



Niliombwa nichague jambo moja katika kazi yangu ya kutibu farasi. Nimechagua vidonda vya tumbo, hasa ule wakati ambapo bado hatujui kama vipo. Farasi amebadilika tabia, watu wanashuku tumbo, kamera ya kuchungulia ndani iko mbali au haipo kabisa, na mnyama hawezi kungoja. Hapo ndipo waganga wa wanyama tunapokosea zaidi, na mimi nimekosea hapo.

Nitawaeleza habari za farasi jike mmoja wa miaka 9. Aliwahi kushindana katika uwanja wa Ngong, kisha akanunuliwa na shule ya kufundisha watoto kupanda farasi, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka mzima alisifiwa kwa upole. Halafu, katika muda wa miezi miwili, akageuka. Mkanda wa tandiko ukikazwa alilaza masikio nyuma, akapinda shingo kutafuta mkono wa kung'ata. Akitakiwa kutoka kwenye mchakamchaka aende shoti, alisimama au aliruka miguu ya nyuma. Manyoya yakapoteza mng'ao.

Niliitwa. Nilimpapasa, nikakuta misuli ya kiuno imekaza, nikatoa hukumu kwamba mgongo unamuuma na juu yake amejifunza utukutu. Nikaandika fenilbutazoni kwa siku kumi, nikamshauri mwalimu asimwendekeze. Dawa hiyo iko katika ukoo mmoja na diklofenaki ambayo wengi wenu mmewahi kuimeza: hutuliza maumivu, lakini huweza pia kudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo. Siku kumi zilipokwisha alikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo, na mtoto mmoja alikuwa ameng'atwa begani. Mtoto yule alipona. Lakini alikuwa ameng'atwa na mnyama niliyekuwa nimekwisha kumtazama.

Saisi wa zizi lile, mzee aliyefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, ndiye aliyenivuta kando. "Daktari, huyu hana kiburi," aliniambia. "Shayiri anaionja, anaiacha, anarudi kwenye majani. Na Jumanne huwa ana nafuu." Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko, farasi wote walishinda malishoni. Nikamuuliza, "Mzee, jioni wanapewa majani saa ngapi?" Tukaketi juu ya robota la nyasi tukahesabu. Majani ya mwisho saa kumi na moja jioni. Kufikia saa tatu usiku hori lilikuwa jeupe. Saa kumi na mbili asubuhi, nafaka. Saa moja, tandiko. Kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa tisa bila kutafuna kitu, na baada ya hapo kilichoingia tumboni kilikuwa wanga, kisha mbio.

Ili mwone uzito wa saa hizo tisa, nitaeleza tumbo lenyewe.

Farasi ni mnyama mkubwa mwenye tumbo dogo. Farasi wa kilo 450 ana tumbo la lita 8 hadi 15 tu. Tumbo hilo humwaga asidi mchana na usiku, ale asile. Sisi binadamu, asidi yetu huongezeka sana tunapokula; ya farasi haina likizo. Kinachoipoza ni mate, na farasi hatoi mate kwa kunusa chakula wala kukitamani. Hutoa anapotafuna. Akishinda anatafuna, mate ya siku hufika lita 35 na zaidi, yenye bikaboneti ndani yake. Akiacha kutafuna, mfereji unafungwa huku asidi ikiendelea kutiririka.

Nendeni mkasimame kwenye uzio wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi mkawatazame pundamilia, ambao ni ndugu wa farasi. Kichwa kiko chini, hatua moja, tonge, hatua nyingine, tonge. Farasi aliyeachiwa malisho hufanya vivyo hivyo kwa saa 16 au zaidi kila siku. Tumbo lake liliumbwa kwa maisha hayo, nasi tukamweka chumbani tukampa milo miwili kama karani wa ofisi.

Ukuta wa tumbo hilo una sehemu mbili. Ya chini ina tezi, na hujikinga kwa ute mzito. Ya juu, kama theluthi moja, imefunikwa na ngozi inayofanana na ya umio, na haina kinga hiyo. Kati ya sehemu hizo kuna mpaka unaoonekana kwa macho, kama alama ya maji kujaa kwenye nguzo ya gati. Farasi anapokuwa na majani tumboni, nyuzi hukaa kama jamvi juu ya maji na kuzuia asidi isiruke. Tumbo likiwa halina jamvi hilo, farasi akianza mchakamchaka au shoti, misuli ya fumbatio hukaza, tumbo hubanwa, na asidi hupanda juu ya mpaka. Ndiyo sababu vidonda vingi vya farasi wa mbio hupangana pale pale mpakani. Na ndiyo sababu siafiki kanuni iliyorithishwa mazizini kwamba farasi apandwe akiwa hajala. Nafaka asipewe, sawa. Lakini mpeni lusani iliyokatwakatwa, kiasi cha lita mbili, nusu saa kabla ya tandiko. Ana kitu cha kutafuna, na kalsiamu ya lusani husaidia kupoza asidi.

Nafaka ina hesabu yake. Wanga usizidi gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa farasi kwa siku, na gramu 1 kwa mlo. Kwa farasi wetu wa kilo 450 hiyo ni gramu 900 kwa siku nzima. Mahindi ni wanga kwa karibu asilimia 70, kwa hiyo kilo moja na robo ya mahindi tayari imemaliza posho. Nimeona mazizi yanayotoa kilo tatu asubuhi peke yake, kwa mapenzi mema kabisa, kwa sababu mnyama amekonda. Naye anakonda kwa sababu tumbo linamuuma, anaongezewa kinachoumiza, anazidi kukonda. Majani makavu yasipungue kilo moja na nusu kwa kila kilo mia za mwili, na pengo kati ya kushiba na kushiba lisivuke saa sita. Najua ukame ukipiga Laikipia nyasi ya Boma Rhodes hupanda bei, na watu hukimbilia mabua ya ngano kutoka Narok. Mabua yachanganywe na nyasi bora. Yakiwa ndiyo chakula pekee, nayo huongeza hatari ya vidonda.

Sasa nije kwenye kushuku, ambako ndiko kwenye kiini cha mhadhara huu.

Zamani neno letu rahisi lilikuwa "mtukutu". Siku hizi, kwa wenye farasi waliosoma, neno rahisi limekuwa "vidonda". Yote mawili huweza kutumiwa bila kumtazama mnyama. Uchunguzi katika nchi kadhaa umekuta vidonda kwa wanane au zaidi kati ya kila farasi kumi wa mbio walio mazoezini, na wengi wao hawakuonyesha dalili yoyote. Fikirini maana yake. Ukimpitishia kamera farasi wa mbio anayeng'ata, huenda ukakuta kidonda. Ukimpitishia jirani yake asiyeng'ata, huenda ukakuta kidonda vilevile. Ukubwa wa kidonda hauendi sambamba na ukubwa wa dalili. Kwa hiyo kukuta kidonda hakujathibitisha kwamba ndicho kilichobadili tabia.

Niliwahi kumtibu farasi dume aliyehasiwa ambaye mmiliki wake alikuwa na hakika kwamba ni tumbo. Tukampa dawa siku 28. Wiki mbili za kwanza alipata nafuu, tukafurahi. Tulisahau kwamba wiki hizo hizo alikuwa amepumzishwa. Aliporudi kazini, alirudi na hasira zake. Nilipomfungua kinywa kwa kifaa na taa, kama nilivyopaswa kufanya siku ya kwanza, nilikuta gego la chini limepasuka, na lijamu ilipovutwa maumivu yalimpanda. Maumivu ya jino au ya mguu humtia farasi mfadhaiko, humpunguzia kula, na hivyo huweza yenyewe kuzaa vidonda tumboni. Tunatibu mtoto wa ugonjwa huku mama yake amekaa palepale.

Kwa hiyo kabla ya tumbo naomba tandiko likaguliwe, meno yafunguliwe, miguu na mgongo vitazamwe mnyama akitembea na akipandwa, na kwa jike ovari zifikiriwe. Daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitayarisha orodha ya vitendo 24 vya farasi anapopandwa. Farasi akionyesha vinane au zaidi, yumkini ana maumivu ya mifupa na misuli. Kumtazama hivyo hakugharimu ila muda.

Mambo hayo yakikaguliwa na shaka ikabaki tumboni, njia ya uhakika ni endoskopu ya mita 3, ipitishwe puani kwa farasi aliyefunga kula kama saa 16. Tukiikosa, hutibu kwa majaribio. Mimi huanza na majani siku hiyo hiyo, maana kuongeza majani hakungoji ushahidi. Kama mnyama hateseki sana, nangoja wiki moja kabla ya dawa ili nijue kipi kimefanya kazi. Kama anateseka naanza vyote pamoja, nakubali kutojua. Nimeona wenzangu wakishikilia usafi wa jaribio mnyama akisaga meno kwa maumivu. Siungi mkono.

Dawa yenyewe ni omeprazoli, miligramu 4 kwa kilo, mara moja kwa siku. Swali ninaloulizwa kila mwezi ni hili: kwa nini tusinunue vidonge vya watu duka la dawa? Hesabu ya farasi wetu ni miligramu 1,800, yaani kapsuli 90 za miligramu 20 kila asubuhi. Na chembe zilizo ndani yake zimevikwa gamba la kuzikinga na asidi. Ukizisaga, asidi ya tumbo huiharibu dawa kabla haijanyonywa. Tumieni ile ya farasi. Itolewe alfajiri, kisha mnyama angoje kati ya nusu saa na saa nzima kabla ya chakula, kwa sababu hunyonywa vizuri tumbo likiwa halina kitu. Mtasema najipinga. Hapana: farasi mwenye wavu wa majani usiku kucha, akiachiwa, hupunguza kula mwenyewe saa za mwisho za usiku. Ondoeni wavu saa kumi na moja asubuhi. Hapo mmepata nafasi ya dawa bila kumfungisha saa tisa.

Vidonda vya sehemu ya juu hupona kwa dawa hiyo kwa karibu robo tatu ya farasi ndani ya wiki nne. Vya sehemu ya chini ni vikaidi: kwa omeprazoli peke yake hupona kwa takriban robo tu. Ndiyo maana mwaka 2015 wataalamu wa Chuo cha Ulaya cha Tiba ya Ndani ya Farasi walisisitiza kwamba hayo ni maradhi mawili, si moja. Huko chini tunaongeza sukralfeti au tunatumia misoprostoli, ambayo mwanamke mwenye mimba asiiguse. Na siku za mapumziko katika wiki zina uzito wake. Kazi ya siku tano au zaidi mfululizo huongeza hatari. Mnaojua kwamba Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha bakteria wa vidonda vya watu, msikimbilie antibiotiki kwa farasi. Haijathibitishwa kwamba bakteria yule ndiye chanzo kwake.

Walimu wa Lamu walio hapa wataniuliza kuhusu punda. Punda naye anaugua: uchunguzi wa mizoga ya punda wazee Uingereza ulikuta vidonda kwa takriban wanne kati ya kumi. Lakini punda huficha maumivu kuliko farasi. Hang'ati, hapigi teke. Hunyamaza tu, na anayebeba mchanga na mawe ya matumbawe vichochoroni huhesabiwa kuwa mzima kwa sababu anasimama. Kwake dalili ni tonge lililobaki.

Yule jike tulimtundikia nyavu mbili, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Nafaka ikashuka hadi kilo moja, ikigawanywa mara tatu. Fenilbutazoni ikasimama, omeprazoli ikaanza. Siku ya kumi na mbili alimaliza shayiri yake. Endoskopu ya kuazima ilifika baada ya wiki tano, na pale mpakani niliona makovu ya waridi na kidonda kimoja kidogo kilichokuwa kikifunga. Vilivyokuwapo siku ile nilipomwita mtukutu sikuviona, na siwezi kusema vilikuwa vikubwa kiasi gani.

Tumbo lilipona kabla ya kumbukumbu. Mkanda ulipoguswa bado alilaza masikio, kwa kuwa miezi mingi mkanda ulikuwa umemaanisha maumivu. Saisi ndiye aliyemfundisha upya: anafunga tundu la kwanza, anatembea naye hatua ishirini, tundu la pili, hatua ishirini, hadi la nne. Ilichukua miezi mitatu. Kila siku aliandika daftarini saa ya majani, kilichobaki horini, na masikio yalivyokuwa.

Mzee huyo yuko safu ya mbele, na daftari analo. Maswali juu ya dawa niulizeni mimi. Ya usiku wa zizini, naomba apande jukwaani ayajibu yeye.