Sikiliza Kwanza, Ndipo Useme

Somo letu la leo ni kusikiliza kabla ya kusema.

Twendeni Kilwa Kisiwani. Habari za kale za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, zasimulia hivi. Ali alifika kisiwani kwa jahazi. Wageni hawa wakamkuta Mwislamu mmoja, wakamwuliza habari za nchi, wakamsikiliza.

Mtawala aliporudi kutoka bara, Ali akaomba kukinunua kisiwa. Mtawala akataka nguo za kukizunguka chote. Akapewa, akaenda zake bara.

Ndipo yule mwenyeji akamwonya Ali: mtawala atarudi kukunyang'anya. Ali hakusema, "Nyamaza, nimekwisha lipa." Alilishika shauri. Wakati ule, maji yakipwa, watu walivuka kwa miguu. Basi wakachimba mkondo. Mtawala akaja na jeshi, akangoja maji yapwe. Hayakupwa. Akakata tamaa.

Nawe, ndugu, mtu akija kutaka shamba lako la minazi au mikorosho, usijibu upesi. Msikilize mpaka mwisho. Mwambie ataje bei mara ya pili. Soma karatasi yake neno kwa neno. Waulize jamaa, ulale, kesho ujibu. Wazee husema: heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi.

Maswali:
1. Nani alimwonya Ali?
2. Kwa nini mtawala hakuvuka?
3. Andika jambo moja utakalouliza kabla ya kuuza shamba.