Viatu vya Kazi kwa Wenye Miguu Mipana
Mazungumzo kwa wakulima na wafanya kazi wa Kiptere na nchi yote ya chai



Katika masoko ya nchi ya chai, na soko la Kiptere lililo katika njia itokayo Kapsoit kwenda Sondu ni mojawapo, huonekana jambo ambalo watazamaji hulicheka. Mtu mzima mwenye nguvu zake ameketi juu ya kasha, avuta buti kwa mikono miwili hata uso wambadilika, na mwuzaji amesimama mbele yake akimtia moyo.

"Vuta tu, mzee. Ngozi hii itatanuka."

Mzee avuta. Kisigino chaingia, vidole vyakunjamana. Asimama, aenda hatua tatu kama mtu apitaye juu ya miiba.

"Yanibana, kijana."

"Basi ngoja nikupe namba kubwa."

Apewa mabuti yaliyozidi kwa namba mbili. Upana wake wavumilika, lakini mbele ya vidole imebaki nafasi ya kutosha panya kulala. Alipa, aenda zake. Baada ya majuma mawili mabuti yale yametundikwa ukutani, na mwenyewe yumo shambani miguu mitupu kama alivyokuwa kwanza. Fedha zimekwenda, na majirani wasema kuwa mzee huyu hana desturi ya viatu.

Maneno hayo ya majirani si ya haki. Kosa halimo katika mguu wa mzee, wala halimo katika desturi yake. Kosa limo katika kiatu, kwa kuwa kilitengenezwa kwa kufuata umbo la mguu mwingine.

Mguu wa mwanadamu una mifupa 26, na mtoto azaliwapo vidole vyake vimetawanyika kama vya mkono. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Marekani, Phil Hoffmann, aliandika habari za uchunguzi wake wa miguu ya watu wasiovaa viatu, watu wa Ufilipino na wa Afrika ya kati. Aliona kuwa mguu usiofungwa hubaki na umbo lake la utotoni: mpana mbele, kidole gumba kimenyoka, vidole vina nafasi baina yao. Mguu uliofungwa tangu utoto ndio uliobadilika ukafuata kiatu. Basi mtu aliyekwenda shule ya msingi miguu mitupu, akipanda na kushuka vilima vya Sigowet, asishangae kuona mguu wake ni mpana kuliko buti la dukani. Mguu huo ni mzima, na afadhali kuliko wa mtu mwenye gumba lililopinda.

Lakini mguu mzima nao haufai kuachwa wazi katika kazi. Jembe huteleza, na panga la kukatia vichaka vya chai ni kali. Vijiti vilivyokatwa hubaki vimesimama kama misumari, na jeraha dogo lililoingia udongo laweza kuleta pepopunda. Yuko pia funza, mdudu ambaye si wa asili ya Afrika. Aliletwa kwa meli kutoka Brazil mpaka pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikwisha kuvuka bara lote hata upande wetu wa mashariki.

Na liko jambo jingine lisilojulikana sana. Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi na udongo mwekundu uliotokana na mawe ya volkano, watu waendao miguu mitupu kwa miaka mingi huweza kuvimba miguu kama wenye matende. Mganga Mwingereza, Ernest Price, aliyefanya kazi miaka mingi katika Ethiopia, ndiye aliyeonyesha kuwa uvimbe huo hauletwi na mbu wala na kurogwa, bali na chembe ndogo za udongo zipenyazo katika ngozi ya nyayo. Ugonjwa huo aliuita podokoniosi. Umeonekana Ethiopia, Uganda, Rwanda, Kamerun, na katika nyanda za juu za Kenya pia. Haushiki watu wote, kwa sababu wako waliozaliwa na mwili unaodhurika upesi kwa udongo ule, na hauwezi kuambukizwa kwa mtu mwingine. Kinga yake ni kuosha miguu kwa maji na sabuni na kuvaa viatu. Lakini nani atavaa kiatu kimwumizacho? Ndiyo sababu jambo la upana si jambo la anasa.

Sasa, namba. Watu wengi hufikiri kuwa namba ya kiatu yaeleza ukubwa wote wa kiatu. Sivyo, namba ni urefu tu. Katika hesabu ya Kiingereza, namba moja na inayofuata hutofautiana kwa theluthi ya inchi, yaani milimita 8 na nusu hivi. Kwa desturi ya mafundi, kila namba ikiongezeka, mzingo wa kiatu mahali papana huongezeka robo inchi. Upana nao una alama zake, ambazo ni herufi, na kila herufi ikipanda, mzingo huongezeka robo inchi ile ile, ila urefu haubadiliki. Basi mzee wa sokoni aliyepanda namba mbili alipata nusu inchi ya mzingo, akalazimika kuchukua na theluthi mbili za inchi za urefu asizozihitaji. Hasara yake ni hiyo. Kiatu kirefu kupita kiasi hukunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, kisigino huchezacheza na kufanya malengelenge, na ncha ya mbele hujikwaa katika mizizi. Mtu aliyebeba kapu mgongoni katika mteremko wenye utelezi hana haja ya kiatu cha kujikwaa.

Kwa watengenezaji wengi wa Marekani, herufi D ni upana wa kawaida wa mwanamume, nazo E, EE na EEEE ni pana, kila moja ikizidi iliyotangulia. Kwa baadhi ya watengenezaji wa Uingereza G ni ya kawaida na H ni pana. Mabuti ya jeshi la Marekani huandikwa R kwa upana wa kawaida, W kwa mapana, na XW kwa mapana zaidi. Yafaa kuzijua herufi hizi kwa sababu ya mitumba. Mabuti mapya ya bei nafuu mara nyingi huja kwa upana mmoja tu bila herufi yo yote, lakini katika marundo ya mitumba huwamo buti lenye W ndani ya ulimi wake, na mwuzaji mwenyewe hajui maana yake. Mnunuzi afunue ulimi asome. Kisha atazame ndani kama soli haikuchimbika kwa unyayo wa mwenye kwanza, maana kiatu kilichokwisha kufuata mguu wa mtu mmoja hakimsahau upesi.

Kupima mguu hakuhitaji chombo. Kipo chombo kizuri cha chuma kilichobuniwa na Charles Brannock wa Syracuse, Marekani, katika miaka ya 1920, kipimacho urefu na upana pamoja. Lakini karatasi na penseli zatosha. Mtu apime jioni, baada ya kazi, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Avae soksi atakazovaa kazini. Asimame juu ya karatasi, asiketi, na mtu mwingine amchoree ukingo wa mguu, penseli ikiwa imesimama wima. Miguu yote miwili ichorwe, kwani ni mara chache ikawa sawa, nao mkubwa ndio utakaofuatwa.

Hapa wachuma chai wana la kujifunza kwa askari. Mwaka 1912 daktari wa jeshi la Marekani, Edward Munson, alitoa kitabu juu ya mguu wa askari na kiatu chake, baada ya kamati yake kuchunguza askari kwa miaka minne. Aliagiza kuwa askari apimwe akiwa amebeba mgongoni mzigo wa ratili 40, karibu kilo 18, huku uzito wote ukiwa juu ya mguu mmoja. Kwa sababu mguu chini ya mzigo hurefuka na kupanuka. Kutokana na kazi hiyo kilipatikana kiatu chenye mstari wa ndani ulionyoka na mbele mapana, ambacho mafundi wa viatu wakitaja hata leo. Mchuma chai aliyebeba kapu la majani ana mguu wa namna hiyo hiyo ya askari. Basi achorwe akiwa amejitwika kapu, wala asijali wanaomcheka.

Ile karatasi ikatwe kwa mkasi kufuata mstari, ikunjwe, ipelekwe sokoni. Kabla ya kuvaa buti lo lote, mnunuzi aitoe soli ya ndani, ile laini itolewayo, aiweke karatasi yake juu yake. Karatasi ikimwagika pembeni, buti hilo ni jembamba, na maneno yote ya mwuzaji hayatalipanua. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Haya humalizika kwa dakika moja, wala mtu hatoki jasho juu ya kasha.

Ni kweli kuwa ngozi hutanuka, na mwuzaji hakusema uongo mtupu. Fundi mwenye kalibu ya mbao aweza kuilowesha ngozi na kuipanua kidogo mahali panapobana, hasa pembeni mwa kidole cha mwisho. Lakini atapata kidogo tu. Soli haitanuki kamwe. Mpira nao hautanuki ukabaki hivyo. Kwa hiyo gambuti, ambalo ndilo kiatu cha watu wengi katika chai kwa kuwa halipitishi umande wala matope na bei yake yafikika, lisinunuliwe kamwe likiwa linabana kwa tumaini kuwa litalegea. Anayelazimika kuchukua namba iliyozidi moja aweke soli nene ya ndani na soksi nzito ili kisigino kitulie, na mchana aligeuze, akung'ute jasho. Mabuti yenye bamba la chuma vidoleni, yavaliwayo na wapasua kuni na watu wa viwandani, yataka uangalifu zaidi. Chuma hakimwonei mtu huruma, na kidole kigusacho bamba asubuhi kitakuwa na jeraha jioni. Mwenye ugonjwa wa sukari, ambao huweza kuua ganzi miguuni mwake asisikie maumivu, asiyavae kabla ya kupapasa ndani kwa mkono kila siku.

Akina mama wana taabu yao. Kiatu cha kike hutengenezwa chembamba kuliko cha kiume chenye urefu ule ule, na hali wao nao ni wengi katika safu za uchumaji. Mama mwenye mguu mpana asione haya kuomba kiatu cha kiume cha urefu wake. Shambani hakuna atazamaye.

Ama kuhusu kudumu, soli iliyoshonwa kwa uzi hushinda iliyobandikwa kwa gundi peke yake, hasa katika nchi ya umande wa kila asubuhi. Mnunuzi alikunje buti kwa nguvu. Gundi mbaya hufunua kinywa papo hapo. Iliyoshonwa hushoneka tena, na fundi wa kando ya njia aweza kuitia soli ya gurudumu la gari itakayoishi kuliko ngozi ya juu. Wako pia mafundi washonao buti zima kwa kipimo cha mteja. Huyo apewe ile karatasi, pamoja na uzi uliozungushwa mguu mahali papana na kukatwa kwa urefu wake, naye atakuwa na yote ayatakayo.

Wafanya kazi wa mashamba makubwa wajue jambo moja zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri awape watu wafanyao kazi penye maji au vitu vyenye madhara mavazi ya kinga yafaayo, na viatu vimetajwa humo. Neno lenyewe ni "yafaayo". Gambuti lisiloingia mguuni halifai, hata likiwa jipya. Mfanya kazi apewaye buti jembamba alirudishe siku ile ile bohari kabla halijachafuka, akiwa na karatasi yake mkononi. Mwenye bohari aonaye karatasi imemwagika pembeni ya soli hana la kubishana. Akinyamaza kisha akafanya kazi miguu mitupu, msimamizi atamwandika kuwa ni mkaidi.

Mabuti yakilowa yasikaushwe karibu na moto, maana ngozi hukauka ikapasuka na gundi huyeyuka. Yajazwe magazeti makuukuu, yawekwe penye upepo, na magazeti yabadilishwe kabla ya kulala. Yakisha kukauka yapakwe mafuta kidogo mahali pa mshono. Nayo karatasi ya kipimo ihifadhiwe ndani ya kitabu, kwa kuwa miguu ya mtu mzima huendelea kupanuka kadiri ya umri. Baada ya miaka mitatu au minne ichorwe nyingine.