Sheni ya moto: tujifunze kuibadilisha na kuipiga rive sisi wenyewe



Leo tunaongea juu ya sheni ya moto. Wengine watasema: hayo ni mambo ya ba taximan, sisi tuko walimaji. Lakini tangu tulirudia, nani hapa hategemei moto? Kakao inatoka shambani juu ya moto. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika hospitali juu ya moto. Na wote tunajua desturi yetu: jua likianza kushuka, tuwe tayari njiani kurudi Mutwanga. Sheni ikikatika saa kumi na moja ya jioni upande wa Halungupa, hiyo haiko tena shida ya fundi. Ni maisha ya watu wawili ao watatu.

Mara nyingi sheni inatuonya mbele ya kukatika. Moto nyingi za hapa zinatumia sheni 428. Ikiwa mpya, vipande 20 vina urefu wa sentimetre 25,4. Ivute, upime toka katikati ya pini ya kwanza mpaka ya 21. Ikipita 25,9, imekwisha. Angalia na meno ya pinyo: yakiwa yamepinda sawa ndoano, badilisha vyote pamoja, kwani meno mabaya yanakula sheni mpya haraka.

Kazi yenyewe tunaifanya hivi. Zima moto, isimamishe juu ya beki, toa vitesi. Legeza ekru ya gurudumu la nyuma, lisukume mbele. Kata kichwa cha pini moja kwa lima mpaka kiwe sawa na bati, weka ekru kubwa chini yake, kisha sukuma pini kwa chuma chembamba na nyundo. Usipigie juu ya pinyo, utaumiza gerbox. Funga sheni mpya ku mwisho wa ile ya zamani, vuta polepole, itapita yenyewe ku pinyo ya mbele. Hesabu vipande, usilinganishe urefu, sababu ile ya zamani imeisha kuvutika.

Sasa rive. Tumia pini mpya tu. Ya zamani haina tena nguvu. Hii ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika nyundo nzito nyuma ya pini, mwingine anapiga ncha ya mbele kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, pole pole, kuzunguka kando, mpaka ipanuke sawa kauyoga. Usipige kwa hasira: ncha ikipasuka, toa, anza tena. Mwishoni kipande kinapashwa kukunjika bila kukaza.

Kama munatumia kilipi, upande wake uliofungwa uangalie kule sheni inaenda. Ukigeuza, jiwe ao tope litaitoa.

Rudisha gurudumu nyuma, alama za pande zote mbili ziwe sawa. Chini katikati, sheni ipande na kushuka sentimetre 2 mpaka 3, pale inapokaza zaidi. Kaza ekru. Kisha safari chache, pima tena. Na hata siku moja usipakae mafuta injini ikiwa inatembea: vidole vinaenda.

Wafadhili wetu, asanti kwa yote. Mukituuliza kipi kitasaidia, hatutaomba moto mpya. Tunaomba kifaa cha kupigia rive, lima nzuri, na sheni mbili za akiba zikae ku depo yetu. Na ninyi wanachama, kila kikundi kitume watu wawili, mmoja awe mwanamuke, waje kujifunza. Sheni ya dukani inauzwa. Lakini mutu mwenye kujua kuifunga pale barabarani, huyo tunapashwa kumutengeneza sisi wenyewe.